Siku Mbwa wa Mama Nirmala Aliponiponyoka Uyole

Haya, chekeni kwanza mmalize. Mhehe anataka kuwafundisha vijana kutunza mbwa! Nimeshayasikia yote, tangu shule ya msingi mpaka siku naagwa kazini, pale Mnyakyusa mmoja niliyefanya naye kazi aliposimama mbele ya wageni akasema serikali ilikuwa na moyo mgumu kweli kumkabidhi mtu wa kabila langu chanjo ya mbwa na gari la kuwafuata. Ukumbi mzima ulicheka, na mke wangu ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote. Utani ni utani. Mhehe asiyeweza kubeba utani kwamba tunakula mbwa bora abaki nyumbani kwake.

Mimi ni Kikoti, bwana mifugo mstaafu. Nimefanya kazi Iringa miaka mingi, kisha nikahamishiwa Uyole, na huko huko Mbeya ndiko nilikostaafia. Nimezalisha ng'ombe kwenye matope, nimechanja kuku wasiotaka kushikwa, nimeng'atwa na nguruwe mahali ambapo sitapataja. Wiki iliyopita binti mmoja aliyeajiriwa juzijuzi alikuja kwangu na simu yake, akanionyesha picha ya mbwa mrefu, mwembamba, kiuno kama cha nyigu. "Mzee, kuna mtu hapa Mbeya analetewa huyu. Mbona kama anaumwa? Nimwanzishie dawa gani?"

Nikamwambia, mwanangu, kaa chini. Huyo haumwi. Huyo ni greihaundi, mbwa wa mbio. Kabla hujamgusa, ngoja nikwambie makosa yangu, nawe ufanye ya kwako mapya.

Wa kwanza nilimwona Iringa mjini, nyuma ya duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi. Mwenye duka tulimwita Baba Nirmala, na mkewe Mama Nirmala, kwa jina la binti yao aliyeolewa Mbeya. Mzungu mmoja aliyekuwa na shamba upande wa Mufindi alikuwa anarudi kwao, akamwachia Baba Nirmala mbwa wake. Wakamwita Moti, maana yake lulu kwa lugha yao. Rangi yake ilikuwa ya majivu, na ukimpapasa unadhani umeshika hariri.

Majirani ndio waliowashtaki kwangu. Walikuja ofisini wakasema Wahindi wale hawali nyama, na sasa wanamnyima na mbwa, mpaka mbavu zinahesabika. Nikavaa koti langu jeupe nikaenda kwa hasira. Nikamfokea Baba Nirmala mbele ya wateja. Nikamwandikia dawa ya minyoo, uji wa pumba na dagaa mara tatu kwa siku.

 Yule mzee alinishika mkono akanipeleka uani. Kulikuwa na jiko la mkaa peke yake, mbali na jiko la nyumba, na sufuria yake na mwiko wake, na ndani ya sufuria nyama ya ng'ombe na wali na karoti vinachemka. Nyama haikuingia jikoni kwa Mama Nirmala hata siku moja, lakini kila asubuhi mama yule alijifunga khanga puani, akampikia mbwa nyama kwa mikono yake mwenyewe. "Sasa Bwana Kikoti," Baba Nirmala akaniuliza taratibu, "unataka ale zaidi ya hapa?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Basi shikeni hili: greihaundi mwenye afya utamwona mbavu za mwisho mbili tatu, na mifupa ya nyonga inajitokeza kidogo. Usipoziona, amenenepa, na unene unamuua miguu. Uti wa mgongo ukichomoza wote kama msumeno, hapo ndipo uulize chakula. Usimlishe ukamtoa mbio papo hapo, tumbo litajaa gesi na kujisokota, naye anaweza kufa mikononi mwako. Na meno yao huoza upesi, kwa hiyo uwasugue. Ndiyo, mswaki! Mama Nirmala alimsugua Moti kila jioni, na mimi nilicheka mpaka nilipomfungua mdomo mbwa mwingine wa aina ile ambaye hakusuguliwa.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Moti alijichana paja kwenye waya wa uzio. Ngozi ya hawa mbwa ni nyembamba jamani, mwiba ambao mbwa wetu wa kijijini hata hausikii, yeye unamfungua kama karatasi. Nikampa dawa ya usingizi nimshone. Nikapima dozi kama ninavyompimia mbwa koko wa uzito ule ule. Nilishona vizuri sana, nikajisifu, nikangoja aamke. Saa moja ikapita, mbili, tatu. Mama Nirmala alikuwa amekaa sakafuni, kichwa cha mbwa kikiwa mapajani mwake, ananitazama tu. Nikampigia simu bosi wangu, Daktari Mwambene.

Daktari Mwambene alikuwa mtu wa maneno machache, mengi yakiwa matusi. Alifika, akamsikiliza moyo, akamfunika blanketi. "Kikoti, huyu ana mafuta mwilini?"

"Hana, daktari."

"Sasa dawa yako uliifikiri itakwenda kujificha wapi? Inazunguka damuni tu. Mpumbavu wewe."

Moti aliamka jua linazama. Wakati tunangoja, ndipo daktari aliponipa somo ambalo silisahau. Alisema, ukitaka kumjua mnyama, usiulize anaweza nini, uliza anataka nini. Huyu anaweza kukimbia kuliko kitu chochote utakachokiona mkoa huu. Lakini anachotaka ni mahali laini, penye joto, alale. "Basi," akasema. "Mengine yote ni nyongeza."

Na kweli. Watu wanadhani mbwa wa mbio ni wa kukimbia kutwa nzima. Thubutu! Anafyatuka nusu dakika, anazunguka uwanja mara mbili, kisha analala mpaka kesho. Habweki. Ukimweka alinde nyumba, mwizi atapokelewa kwa mkia. Ni mpole hata kwa watoto, ila usimguse akiwa usingizini kabla hujamwita jina, maana wengine hulala macho wazi na wakishtuka wanaweza kukung'ata bila kukusudia. Wekeni godoro, siyo gunia kwenye saruji, viwiko vyao havina nyama vitatoka vidonda. Na baridi! Ule upepo wa Iringa wa mwezi wa sita unamwingia mpaka kwenye mifupa. Mshoneeni koti, na atakayewacheka mwambieni avue lake.

Ila akiona kitu kidogo kinakimbia, kuku, paka, mwana mbuzi, masikio yanaziba. Utaita mpaka ukauke koo. Kwa hiyo nje ya uzio, huyo mbwa ni wa kamba. Kamba na mkanda wa shingo unaomfaa. Hapo kwenye mkanda ndipo penye habari yangu.

Baba Nirmala alifariki. Duka likawa zito kwa mama peke yake, na Nirmala akamwomba ahamie kwake Mbeya. Mimi nami nilikuwa nimepata uhamisho wa Uyole, wiki ile ile. Mama alitangulia kwa basi na mizigo, na basi halibebi mbwa. Akaniomba nimletee Moti kwenye pikapu niliyokodi.

Jioni ya kunikabidhi, kabla hajasafiri, mtaa mzima ulikuwa barazani. "Mama Nirmala!" fundi viatu wa jirani akapaza sauti. "Unampa Mhehe mbwa? Fisi kapewa bucha hapa!" Watu wakaangua kicheko. Mimi nikapiga tumbo langu nikasema asante, njia ni ndefu na njaa ninayo. Mama Nirmala hakucheka. Alikuwa hajacheka tangu msiba. Alimfunga Moti mkanda wake, mpana kama kiganja, wa ngozi laini, akaukaza juu kabisa, nyuma ya masikio. Akaniambia, "Bwana Kikoti, huyu akisikia gari linaingia bado anakwenda getini kumngoja mzee. Sina kitu kingine kinachomkumbuka hivyo. Usibadilishe mkanda."

Nikasema, "Nimekusikia, mama."

Nilibadilisha mkanda.

Msiniangalie hivyo. Ule mpana niliuona pambo tu. Tuliondoka alfajiri mno, na tulipofika Makambako nikamwonea huruma, nikaona unambana koo, nikautoa nikautia mfukoni. Nikamvisha mkanda wa kazi, ule mwembamba niliofungia mbwa kwenye kampeni za chanjo ya kichaa kwa miaka, wilaya kwa wilaya, bila kuponyokwa na mbwa hata mmoja. Nikauweka katikati ya shingo, kwa nafasi nzuri, kama tunavyofanya siku zote. Mtaalamu nikajiona nimefanya wema.

Uyole tuliingia saa nne asubuhi, baridi, ukungu haujaisha. Dereva akaegesha karibu na soko anywe chai. Nikamshusha Moti akojoe. Lori moja likaachia breki zake za upepo nyuma yetu, pshaaa! Moti hakuruka mbele. Alirudi nyuma, akainamisha kichwa, na nikabaki nimeshika kamba, na mwisho wa kamba mkanda, na ndani ya mkanda hewa.

Kichwa cha greihaundi ni chembamba kuliko shingo yake. Nilikuwa nimemwona mbwa yule miaka, nimempima joto, nimemshona, na sikuwahi kuliona hilo.

Alivuka barabara kuu mbele ya lori. Nilifumba macho. Nilipofumbua, nikaona kitu cha kijivu kinapotelea kati ya mafungu ya viazi. Nikafanya kila nililowakataza wafugaji: nikamkimbiza, nikapiga kelele. Mbwa wa aina ile ukimkimbiza anaona mmeanza mchezo, na huo mchezo humshindi. Nikawauliza watu, mmeona mbwa, mwembamba, wa kijivu? Lafudhi yangu ikanisaliti. Mpakiaji mmoja akatua gunia lake aweze kucheka vizuri. "Jamani, msaidieni mzee! Mhehe kakimbiwa na kitoweo!"

Utani niliouzoea tangu utotoni, siku ile uliniuma. Maana nilijua habari ingefika Iringa siku ile ile. Wasingesema mbwa alipotea. Wangesema tulijua tu. Na Mama Nirmala, ambaye hakucheka siku ile barazani, angefanya nini na habari hiyo, peke yake, kwenye nyumba ngeni, hana mume wala mbwa wa mume?

Simu ikaita. Ni yeye.

"Bwana Kikoti, mmefika wapi?"

"Igawa, mama," nikasema. Igawa tulikuwa tumeipita zamani.

"Na Moti?"

"Amelala."

Mungu anisamehe. Nikakata simu, nikakaa kwenye jiwe mbele ya banda la chai. Mtu mzima na koti lake la serikali.

Ndipo nikamkumbuka Daktari Mwambene. Uliza anataka nini. Nikajiuliza kwa sauti, mama muuza chai akadhani namsemesha. Amekimbia nusu dakika, amechoka. Hana mafuta, na baridi hii ya Uyole inamkata. Anataka mahali laini, penye joto. Sasa sokoni Uyole, kwenye viazi na matope na magogo, wapi ni laini?

Nikainuka. Nikaenda kwenye mitumba.

Nilipita safu ya kwanza, viatu. Ya pili, mashati. Safu ya tatu kulikuwa na mama mmoja Mnyakyusa, mnene, kilemba cha njano, amefungua belo la mablanketi na masweta. Juu ya belo, amejikunja mfano wa chapati, pua chini ya mkia, alikuwa Moti. Alikuwa amefunikwa sweta jekundu. Amelala. Macho wazi, anakoroma kidogo.

Nilitaka kulia, nikashindwa kwa furaha. "Mama, huyo ni mbwa wangu!"

Yule mama, jina lake nilikuja kujua ni Mama Atupele, aliniangalia juu mpaka chini. "Wako? Umemfanya nini mpaka akawa hivi? Kaja hapa anatetemeka, mifupa mitupu. Nimemfunika kwa huruma."

"Ndivyo walivyo, mama. Mimi ni bwana mifugo."

"Bwana mifugo wa wapi?"

"Nimetokea Iringa."

 Akacheka taratibu, kicheko cha kutoka tumboni. "Iringa. We ni Mhehe."

"Ndiyo."

"Na unataka nikupe mbwa."

"Mama, utani tuuache kidogo, naomba."

"Sitanii, baba," akasema, na kweli hakuwa anatania tena. Akakaa kwenye kigoda kati yangu na belo. "Mbwa aliyekonda, hana mkanda, kaja anakimbia kama anakimbia kufa. Wewe umekuja nyuma yake unahema. Mwenye mbwa ni nani? Mpigie. Weka spika nisikie."

Ningeweza kubishana. Ningeweza kutoa kitambulisho. Watu walishaanza kusogea, mpakiaji wa viazi akiwa mbele. Lakini nilimtazama mama yule, ambaye hakumjua mbwa wala mwenyewe na bado alimkalia ulinzi, nikaona aibu ya kumpinga. Nikapiga simu.

"Mama Nirmala," nikasema, na soko zima linasikia. "Nilikudanganya. Hatukuwa Igawa. Nilibadilisha mkanda, Moti akaniponyoka Uyole. Nimempata, yuko salama, lakini mama aliyemtunza hanipi mpaka wewe useme. Nisamehe mama. Kosa ni langu peke yangu."

  Akaita, siyo jina langu. "Moti! Moti beta!" yaani mwanangu, akaendelea na maneno mengine ya kwao nisiyoyajua. Masikio ya yule mbwa yakasimama. Akajinyanyua kutoka kwenye belo, sweta jekundu likimning'inia, akaja akaweka pua yake kwenye simu yangu, akaanza kulia kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Mama Atupele akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Mama, chukua mbwa wako," akasema kwenye simu. "Ila nakuuliza, kweli wewe ndiye uliyempa Mhehe?"

"Mimi ndiye," Mama Nirmala akajibu. "Majirani wote walinikataza. Nikasema, mtu mwingine akimpoteza atasema amepotea, yaishe. Huyu akimpoteza, hatalala. Atamtafuta mpaka ampate."

Hakuna aliyecheka. Mpakiaji wa viazi alivua kofia akajikuna kichwa. Mimi nilimvika Moti mkanda ule mpana, juu kabisa, nyuma ya masikio. Mama Atupele akakataa katakata kurudishiwa sweta.

Nilipofika kwa Nirmala, mama yake hakunifokea. Alileta futi ya fundi cherehani, akanipa mimi nipime. Kichwa, kisha shingo. Akanisomesha namba kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza, kisha akaenda kupika chai. Basi ninyi pimeni kabla ya kufunga. Mkanda mpana, juu, vidole viwili tu viingie, kisha uvute kuelekea masikioni uone kama unatoka. Ukitoka, haujafunga mbwa. Na mwenye mbwa akikwambia usibadilishe kitu, funga mdomo, mtaalamu wewe, usibadilishe.

Moti aliishi miaka sita Mbeya, kila kipupwe na sweta lake jekundu. Nilikuwa napita kila Jumapili baada ya ibada kumkata kucha, au ndivyo nilivyosema, maana kucha haziwi ndefu hivyo. Alipozeeka miguu ya nyuma ikagoma, na asubuhi moja hakuamka. Nirmala akanipigia. Nikachukua jembe na sululu yangu.

Mama Nirmala alitaka azikwe jioni, kimya kimya. Nikamwambia hapana mama, mimi nitachimba mchana, saa sita, jua likiwa kichwani, na geti wazi, wote waone. Alinielewa. Mtaa wote ukaja kuchungulia ukutani, na mimi nikachimba kwa suruali ya suti, jasho linanitiririka, kina cha kumzikia mtu.

Haikupita muda sauti ikatoka ukutani. "Mzee Kikoti! Unazika kweli, au unaficha?"

Kicheko kikazagaa. Nikageuka nijibu, jibu ninalo tayari, nina majibu ya utani huo ya kutosha maisha mawili. Lakini Mama Nirmala alikuwa amesimama pale barazani na sweta jekundu mikononi, na kwa mara ya kwanza tangu mumewe afariki nilimwona anacheka, machozi yakimshuka.

"Mwacheni Mhehe wangu amalize kazi," akasema.

Nikainama upesi nikaendelea kuchimba, wasinione uso.